Nani mwajiri wa mkata miwa? Nililojifunza Kakamega

Nilikwenda Kakamega kuzika, sikwenda kuandika. Babake rafiki yangu, ambaye tulifanya naye kazi ya ukuli Shimanzi miaka mingi, alikuwa amefariki, nasi watu watatu kutoka Mombasa tukapanda basi kwenda kumpa mkono wa pole. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Ukishapita Kisumu na kuanza kupanda, unaona mahindi, kisha miwa, kisha miwa tena.

Jioni ya siku ya pili, wageni wakiwa wametawanyika, nilikaa nje na mpwa wa rafiki yangu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti.

"Pole, ndugu yangu. Umepatwa na nini?"

"Ni panga, mzee. Nilikuwa nakata miwa, ikateleza."

"Na mwajiri wako amekwambiaje?"

Akacheka kidogo. "Mwajiri yupi, mzee?"

Nilidhani ananifanyia mzaha, lakini akaeleza. Kiwanda kinasema wakataji ni watu wa kontrakta. Kontrakta anasema yeye ana matrekta tu, wakataji huletwa na nyapara. Nyapara anasema yeye mwenyewe ni kibarua. Mwenye shamba anasema yeye aliuza miwa tu, hakumwandika mtu kazi. Kijana alikuwa amekaa nyumbani wiki tano, dawa amenunuliwa na mamake, na katika watu hao wanne hakuna aliyejitambulisha kuwa mwajiri.

Kiwanda sitakitaja wala kontrakta sitamtaja, kwa sababu shauri lake bado halijakwisha. Lakini swali lake nimerudi nalo Pwani, maana ni swali letu pia. Muulize kijana anayepakia mizigo godauni, mama anayevuna chumvi upande wa Magarini, au mlinzi wa hoteli Diani aliyeletwa na kampuni ya ulinzi. Kila mmoja anafanyia kazi watu ambao hawakumwandika, na ameandikwa na watu ambao hawaonekani.

Safari ya muwa mmoja

Ili kuelewa haki inapotelea wapi, tuufuate muwa wenyewe. Kaunti ya Kakamega ni mojawapo ya ngome za sukari nchini. Kuna Mumias, kuna kiwanda cha West Kenya kule Kabras, na kuna Butali. Miwa mingi haitoki katika mashamba ya viwanda, hutoka kwa wakulima wadogo, mtu ana ekari moja, mwingine mbili. Muwa wa kwanza huchukua kama miezi 18 hadi 24 kukomaa. Muda wote huo mkulima anasubiri, na mara nyingi mbegu na mbolea amepewa kwa mkopo utakaokatwa siku ya malipo.

Siku ya kuvuna ikifika, mkulima mara nyingi hakati mwenyewe. Wanakuja wakataji na trekta. Gharama ya kukata na kubeba hutolewa katika pesa za mkulima. Kwa hivyo mkulima ndiye anayelipia ukataji, lakini hachagui mkataji wala hapangi bei yake. Kiwanda ndicho chenye ratiba ya mavuno, lakini mkataji hayumo katika daftari lake la mishahara. Katikati yupo kontrakta, na chini ya kontrakta yupo nyapara.

Mkataji hulipwa kwa kazi aliyoifanya, iwe kwa tani au kwa mistari. Kijana yule alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Muwa ukishakatwa huanza kukauka, na ukikauka uzani hupungua. Trekta likichelewa siku tatu, au likipanga foleni usiku kucha langoni, tani zinazosomwa kwenye mizani si zile zilizokatwa shambani. Hasara hiyo anaibeba mkulima, na anayelipwa kwa tani anaibeba pia, ingawa hakuna kati yao aliyechelewesha trekta. Tena tiketi ya mizani yeye haioni. Anaambiwa tu, "Zenu zilikuwa tani kadhaa," basi.

Sisi Waislamu tuna sura nzima katika Qurani, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Na Mtume alitufundisha kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Huyu kijana jasho limekauka, muwa umekauka, na kipimo hakukiona.

Kakamega ina kumbukumbu ndefu

Wazee wa huko hawashangazwi na mambo haya. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, Wazungu walimiminika na mahema yao, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria yake yenyewe ya ardhi ya Waafrika ili iweze kuchukua maeneo ya wachimbaji kirahisi. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini hadi leo watu bado wanachimba kwa mikono maeneo ya Ikolomani na kwingineko, wakiosha mchanga kwa zebaki, sumu inayoharibu ubongo na figo. Muulize mchimbaji mwajiri wake ni nani, utapata jibu lile lile la mkata miwa.

Kisha kuna Mumias. Kampuni ilianzishwa 1971 na kuanza kutoa sukari 1973. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa kama jina jingine la sukari nchini, hata sisi Mombasa tuliagiza dukani "pakiti ya Mumias". Mwaka 2001 hisa zake ziliingia soko la hisa la Nairobi. Kufikia Septemba 2019 ilikuwa imewekwa mikononi mwa mrasimu kwa ajili ya madeni ya benki, na Desemba 2021 ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, kukafuata kesi juu ya kesi.

Kiwanda kikianguka, wenye dhamana ya maandishi, kama benki, wana pa kushika. Mfanyakazi wa kudumu ana barua ya ajira na anaweza kudai. Mkulima ana tiketi ya mizani. Mkataji hana karatasi yoyote, kwa hiyo hata katika orodha ya wanaodai hayumo. Mwaka 2023 serikali iliposimamisha usagaji wa miwa kwa miezi kadhaa kwa sababu mashamba yalikuwa na miwa michanga tu, ilikuwa hatua ya maana kwa kilimo. Lakini ambaye hulipwa kwa tani, tani zikikosekana hana mshahara, na hakuna aliyewajibika kumpa taarifa.

Macho manne yanayopaswa kuona

Haki za wafanyakazi katika mnyororo kama huu hulindwa na macho manne. Nitayataja moja moja, na kila moja linapopofuka.

La kwanza ni la serikali: afisa wa leba. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inampa uwezo mkubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Anaweza kuingia mahali pa kazi kwa saa zinazofaa, mchana au usiku, akakagua, akadai daftari za mishahara, akahoji watu, na hata kupeleka mashtaka. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa ukaguzi wa kazi tangu 1964. Shida ni kwamba ofisi moja inahudumia eneo kubwa mno, na shamba la miwa halina lango wala kibao. Leo wakataji wako kijiji hiki, kesho kingine. Afisa atakagua kiwanda chenye geti na ofisi, atakuta daftari ni safi, aondoke. Wakataji hawamo katika daftari alilolisoma.

La pili ni chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi wa sukari wana chama chao, KUSPAW, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kugoma, na kulipwa ujira wa haki. Kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano ya Leba, mwajiri lazima akitambue chama ikiwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama wamejiunga. Lakini zaidi ya nusu ya akina nani? Kiwanda kikisema wakataji si watu wake, hawahesabiwi. Mkataba wa pamoja unaowalinda mafundi wa mitambo unaishia langoni.

La tatu ni mnunuzi. Kampuni za Ulaya na Marekani hutuma wakaguzi kuangalia bidhaa wanazonunua zimetengenezwaje. Hili nitalirudia.

La nne ni mahakama, na ndilo lililoniuma mimi binafsi.

Kosa langu mwenyewe

Nilipakia magunia katika godauni moja Shimanzi kwa miaka minne na ushei, nikiitwa kibarua wa siku. Asubuhi napanga foleni, jioni nalipwa, kesho narudi. Siku moja msimamizi akasema hatuhitajiki tena. Hakukuwa na barua wala ilani, na likizo ya miaka yote ile haikulipwa.

Sikujua wakati ule kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazojumlisha mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, basi ajira yake inageuka, anakuwa na haki ya ilani na haki nyinginezo kama mwajiriwa wa mwezi. Nilikuja kulijua baadaye, nikamwendea wakili nikiwa na furaha. Akaniuliza, "Uliachishwa lini?" Nikamwambia. Akaifunga kalamu yake. Sheria hiyo hiyo inatoa miaka mitatu tu ya kufungua kesi, nami nilikuwa katika mwaka wa nne.

Kwa hiyo nilipokutana na kijana wa Kakamega nilikuwa mwepesi kumwambia, "Usihofu, kifungu cha 37 kitakusaidia." Namshukuru Mungu nilisoma zaidi kabla ya kumpotosha. Kifungu hicho kinamsaidia kibarua wa siku. Anayelipwa kwa kipande cha kazi ni habari nyingine, na jibu lilitoka hapa hapa kwetu Pwani.

Chumvi ya Malindi na miwa ya Kakamega

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi kati ya kampuni ya Krystalline Salt na wavunaji wa chumvi wa upande wa Malindi. Mahakama ya chini ilikuwa imewapa ushindi wavunaji. Mahakama ya Rufaa ikaupindua. Ilieleza kwamba sheria inatambua aina nne za ajira: ya muda usiotajwa, ya muda maalumu, ya kibarua wa siku, na ya kulipwa kwa kipande. Kifungu cha 37, ikasema, hugeuza ajira ya kibarua wa siku. Hakigeuzi ile ya kipande.

Wengi wetu tulichukulia hukumu ile kama habari ya Magarini peke yake. Kumbe inamhusu kila mkata miwa, mchuma majani chai na mshona nguo anayelipwa kwa idadi. Mtu anaweza kuvuna chumvi au kukata miwa mwaka baada ya mwaka, na bado akakosa ngazi ya kupandia kwenda kwenye ajira ya kudumu.

Hata hivyo msikate tamaa, maana watu wengi husikia hukumu hiyo wakadhani anayelipwa kwa kipande hana haki yoyote. Si kweli. Yeye bado ni mfanyakazi kwa maana ya sheria akiwa ameajiriwa na mtu. Kifungu cha 18 kinasema alipwe mwisho wa kila mwezi kulingana na kazi aliyoifanya, au kazi ikimalizika, lipi litangulie. Na akiumia, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ile iitwayo WIBA, inamlinda. Haiulizi kama unalipwa kwa saa au kwa tani. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini.

Na je, mwajiri ni nani? Sheria ya Ajira inapomfafanua mwajiri haiishii kwa mwenye kampuni. Inawajumuisha wakala, nyapara na msimamizi wake. Maana yake ni kwamba aliyekupa kazi shambani kwa niaba ya mwingine hawezi kukuambia tu "mimi simo". Pia sheria inasema kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kutokuwa na karatasi si kosa la kibarua.

Na mnyororo unaweza kuvutwa hadi juu. Vijana waliokuwa Nairobi wakichuja picha na video za kutisha za Facebook walikuwa wameajiriwa na kampuni nyingine, Sama. Daniel Motaung alipofungua kesi mwaka 2022, Meta, wenye Facebook, walidai mahakama za Kenya haziwahusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo, ikasema kampuni hiyo inaweza kushtakiwa hapa. Hiyo haikuwa hukumu ya mwisho ya madai yenyewe, lakini mlango ulifunguliwa. Ikiwa kampuni ya California haiwezi kujificha nyuma ya kontrakta, basi la kiwanda kilicho umbali wa kilomita chache na shamba nalo lina pa kuulizwa.

Mkaguzi wa Ulaya hatakuja

Sasa nirudi kwa lile jicho la mnunuzi. Baada ya jengo la Rana Plaza kuporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134 waliokuwa wakishona nguo za Ulaya na Marekani, dunia ilistuka. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2017 kuzilazimisha kampuni kubwa kuangalia mnyororo wao wote. Ujerumani ikaanza kutekeleza yake Januari 2023. Umoja wa Ulaya ukatoa mwongozo wake 2024.

Ni jambo jema, lakini lina mapungufu mawili.

Kwanza, karatasi ya mkaguzi si usalama. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kule Karachi kilipewa cheti cha kimataifa cha hali nzuri za kazi wiki chache tu kabla ya kuungua Septemba 2012, na watu zaidi ya 250 wakafa. Hapa kwetu, Februari 2023 BBC ilionyesha filamu kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, ambapo zaidi ya wanawake 70 walisema wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Mashamba hayo yalikuwa ya kampuni zenye majina makubwa, zenye sera na wakaguzi. Mkaguzi huja kwa miadi, huongozwa na meneja, huonyeshwa wafanyakazi waliochaguliwa. Mama gani atamweleza mgeni siri yake mbele ya msimamizi anayempangia kazi ya kesho?

Pili, na hili ndilo la kutia akilini: sukari ya Kakamega haiendi Ujerumani. Kenya hula sukari zaidi ya inayozalisha, tena huagiza ya ziada kupitia bandari ya Kilindini. Muwa aliokata yule kijana uliishia katika kikombe cha chai nchini, huenda Kibokoni, huenda Likoni. Sheria ya Paris au Berlin haimfikii. Hakuna mnunuzi wa nje atakayeona haya kwa niaba yake. Mnunuzi ni mimi na wewe, wenye mahamri, kaimati na halua.

Ndiyo maana nasema jukumu halina wa kusukumiwa. Kwa mazao tunayouza nje, kama chai na maua, tunaweza angalau kumpigia kelele mwenye duka wa Ulaya. Kwa sukari, chumvi, unga na mawe ya kujengea, kelele ni yetu wenyewe.

Kibarua afanye nini

Haya ndiyo niliyomwambia yule kijana, na ndiyo ninayowaambia wanangu.

Weka daftari. Daftari la shilingi chache. Andika tarehe, shamba la nani, nambari ya usajili ya trekta, jina la nyapara, mistari uliyokata au tani ulizoambiwa, na pesa ulizopokea. Andika siku ile ile. Daftari lililoandikwa kila siku huaminika kuliko kumbukumbu ya miaka miwili.

Usifute ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe unaonyesha jina la aliyekulipa. Mtu anayesema hakujui, lakini jina lake linaonekana kwenye simu yako kila Jumamosi, ana maelezo ya kutoa.

Ukiumia, toa taarifa mara moja. Mwambie nyapara na kontrakta mbele ya shahidi, kisha uandike, hata kwa ujumbe wa simu. Nenda hospitali na utunze karatasi. Chini ya WIBA, ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki ya fidia inapotea. Madai hupelekwa kwanza kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Mahakama ya Upeo ilithibitisha sheria hiyo mwaka 2019. Ukilazimika kukaa nyumbani siku tatu au zaidi kwa sababu ya jeraha, kuna malipo ya muda unayostahili, na gharama ya matibabu ni ya mwajiri.

Nenda ofisi ya leba ya kaunti ndogo. Hulipi kuwasilisha malalamiko. Nendeni watatu au wanne, maana mmoja huambiwa arudi kesho. Omba nakala yenye muhuri.

Kumbuka miaka mitatu. Usingoje kama mimi. Na usiogope kwamba mahakama ni ya wakubwa tu. Tangu 2018 mahakimu wenye cheo kinachofaa wanaweza kusikiliza kesi za ajira za watu wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Huna haja ya kusafiri hadi mji mkubwa.

Ingia chama, au kataeni kwa pamoja. Wakataji kumi wakidai waione tiketi ya mizani kabla ya kulipwa, ni vigumu kuwafukuza wote msimu wa mavuno ukiwa umepamba moto.

Na sisi wengine

Wabunge wetu wana kazi pia. Sheria mpya ya Sukari iliyotiwa saini Novemba 2024 ilirudisha Bodi ya Sukari na ilizungumza sana kuhusu mkulima na mwenye kiwanda. Sina ugomvi na mkulima, naye amedhulumiwa kwa miaka. Lakini leseni ya kiwanda ingeweza kubeba sharti moja jepesi: kila mzigo wa miwa unaofika kwenye mizani uandikwe na majina ya waliokata, na anayelipwa kwa tani apewe nakala ya tiketi. Mizani ipo, kompyuta ipo, trekta halipiti bila nambari yake kuandikwa. Kinachokosekana ni safu moja ya majina. Kwa safu hiyo afisa wa leba angejua wa kumkagua, chama kingejua wa kumsajili, na kontrakta asingeweza kusema hamjui mtu.

Hapa Pwani tungeweza kuanza na chumvi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa wazi Magarini na kutoa ripoti mwaka 2006 kuhusu malalamiko ya wakazi na wafanyakazi wa viwanda vya chumvi. Ni miaka mingi sasa, na bado tukipita Gongoni tunaona milima myeupe tukiipiga picha, bila kuuliza aliyeirundika analipwa vipi.

Yule kijana alinipigia simu miezi miwili baadaye. Walikwenda ofisi ya leba watatu, yeye na wenzake wawili, na ujumbe wa M-Pesa wa miezi saba ukiwa umechapishwa kwenye karatasi. Kontrakta aliandikiwa barua. Wiki iliyofuata akatuma pesa za hospitali, kwa jina lake mwenyewe, yeye ambaye alisema hamjui. Malipo ya zile wiki alizokaa nyumbani bado hajayatuma, na faili iko wazi.

"Sasa umempata mwajiri?" nikamuuliza.

"Nimepata mmoja, mzee," akasema. "Tunaendelea kupanda juu."